Mashine Iliyowazika Waundaji Wake

Mtu aliyenunua Leica mwaka 1931 hakulazimika kuwa na lenzi mbili. Mchana alipiga picha. Usiku aliifungua lenzi ileile kwenye kamera, akaisokotea chini ya kichwa cha enlaja, akaanza kusafisha picha zake. Kampuni ya Ernst Leitz ya mji wa Wetzlar, Ujerumani, iliziunda enlaja zake, yaani mashine za kukuza picha, ziipokee lenzi hiyo moja kwa moja: mdomo wa milimita 39, meno 26 kwa kila inchi. Ni kipimo cha mseto, kipenyo kwa milimita na meno kwa inchi, lakini kikashika mizizi. Katika miongo iliyofuata, Schneider na Rodenstock wa Ujerumani na Nikon wa Japani waliukubali mdomo huohuo kwa lenzi zao nyingi za kukuzia. Ndiyo maana leo El-Nikkor iliyotoka Japani miaka ya 1970 huingia bila ugomvi kwenye mashine iliyoundwa Italia au Marekani miaka ishirini kabla yake, mradi ubao wa lenzi uwe na tundu hilo.

Fundi anayehangaika na enlaja za zamani huligundua mapema jambo hili: kile ambacho kampuni zilikubaliana hakikosekani, na kile ambacho kila kampuni ilijifungia peke yake ndicho kinachomkosesha usingizi. Lenzi zipo tele. Soketi za balbu zipo. Kinachotafutwa kwa tochi ni kifremu cha bati cha kushikia negativu, kitu ambacho mnunuzi wa kwanza alikiona kama nyongeza tu ndani ya boksi, ila hakuna kampuni nyingine iliyowahi kutoa kinachoingia humo.

Kwa miongo mingi ya mwanzo, upigaji picha haukuihitaji mashine hii. Bamba la kioo lililalishwa juu ya karatasi yenye dawa, vikaanikwa juani pamoja, na picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa bamba. Aliyetaka picha kubwa alibeba kamera kubwa. Hali ilikuwa hiyohiyo Zanzibar katika enzi ya mabamba ya vioo, wakati A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua studio mjini humo katika karne ya 19, na ndugu Coutinho waliomfuata katika biashara hiyo, walipokuwa wakipiga picha za masultani, mitaa na bandari. Uzito wa vifaa ulikuwa sehemu ya kazi, na mpagazi alihitajika kama alivyohitajika mpiga picha.

Mwaka 1857 mchoraji mmoja wa Baltimore, Marekani, David Acheson Woodward, alipata hataza ya kamera ya jua. Lilikuwa sanduku lililowekwa dirishani, na nje yake kioo cha kujitazamia kilichoelekeza miale ya jua ndani, ikapita kwenye lenzi ya kukusanya mwanga, ikapita kwenye negativu, ikatua ukutani. Karatasi za wakati huo zilikuwa nzito kushika mwanga, hivyo picha moja iliweza kumeza saa kadhaa, na muda wote huo kioo kililazimika kugeuzwa kidogokidogo kulifuata jua. Wingu likipita, kazi inasimama. Wachoraji waliipenda kuliko wapiga picha: waliimulika sura ya mteja kwenye turubai kwa ukubwa wa mtu mzima, kisha wakaifuatisha kwa rangi. Hiyo ni enlaja ambayo taa yake haijawahi kuungua.

Karatasi zenye gelatini na bromidi ya fedha, zilizoenea katika miaka ya 1880, zilibadilisha mambo. Zilikuwa nyepesi kushika mwanga kiasi kwamba taa ya gesi, na baadaye ya umeme, ilitosha. Jua likaachiwa kazi zake nyingine, na chumba cha giza kikawa na usiku wa kudumu.

Lakini hata hapo enlaja ilikuwa kifaa cha wachache. Kilichoiingiza majumbani ni uamuzi wa Oskar Barnack, fundi wa Leitz, kutumia filamu ya sinema kupigia picha za kawaida. Leica yake ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925, ilikuwa ikitoa negativu ya milimita 24 kwa 36. Picha ya ukubwa huo huwezi kuitundika ukutani wala kumtumia mchumba. Kamera ndogo ilikuwa ahadi, na ahadi hiyo ilitimizwa na mashine nyingine, ile iliyobaki nyumbani mezani. Leitz walilijua hilo wakalifanyia kazi sana. Katika miaka ya 1930 walitoa Focomat, enlaja inayojilenga yenyewe: ukipandisha au kushusha kichwa, kipande cha chuma kilichochongwa kwa mpindo maalumu huisukuma lenzi juu au chini kwa kiasi kinachotakiwa, na picha haipotezi ukali.

Mpindo ule ndio utamu wa Focomat na ndio ukorofi wake. Lenzi mbili zilizoandikwa milimita 50 si lazima ziwe sawasawa. Moja inaweza kuwa 51 na ushee. Kwa hiyo kila mashine ilirekebishwa kiwandani iendane na lenzi yake yenyewe. Mrithi anayechomoa lenzi ya babu yake akaweka nyingine anashangaa kwa nini picha ndogo ni kali na picha kubwa imejaa ukungu. Mashine haijaharibika hata kidogo. Imetenganishwa tu na mwenzake, na fundi analazimika kuirekebisha upya kwa lenzi iliyopo, akipandisha kichwa na kukishusha mara nyingi hadi pande zote mbili zipatane.

Mji mwingine wa kukumbukwa ni Brixen, katika bonde la milima ya Tyrol ya Kusini, sehemu ya Italia ambako watu wengi huzungumza Kijerumani. Hapo ndugu wawili, Julius na Gilbert Durst, walianzisha kampuni ya jina lao mwaka 1936 kwa mtaji wa familia ya Oberrauch. Durst walijaribu kamera pia, na zipo za kupendeza, ila sifa yao ilikuwa enlaja. Walitengeneza ndogo za kuwekwa juu ya beseni la bafuni na kubwa za familia ya Laborator ambazo mtu huzipandia kigoda. Kwenye M605, iliyopendwa sana na wanafunzi na wapiga picha wa kujifunzia nyumbani, mtu huona ubora na udhaifu wa falsafa ya Brixen kwa pamoja. Mashine imara, nyepesi, haiyumbi. Lakini vipande vya Durst vina majina ya ukoo mmoja wa ajabu: Bimaneg ni kifremu cha negativu, Unicon ni kondensa, yaani lenzi ya kukusanya mwanga, Siriotub na Setopla ni mbao za lenzi. Asiyeyajua majina hayo hawezi hata kuuliza anachotaka, na muuzaji wa vitu vya mitumba asiyeyajua hawezi kujua kwamba kile kipande cheusi kilicho chini ya kapu lake kina mtu anayekililia upande wa pili wa dunia.

Wamarekani walikuwa wawazi zaidi. Ndugu wa familia ya Simmon wa New York, waliounda Omega, walizipanga mashine zao kwa herufi: A kwa filamu ya milimita 35, B kwa sentimita sita kwa sita, na kuendelea hadi D kwa inchi nne kwa tano na zaidi. Omega D2 ikawa farasi wa kazi katika magazeti na vyuo vya Marekani. Mpinzani wake, Beseler, ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1869 na kuanza na taa za kumulika picha za vioo ukutani. Enlaja yake ya 23C imechukua jina kutoka kwenye negativu ya inchi mbili na robo kwa tatu na robo. Uingereza walikuwa na De Vere, mashine nzito yenye vishikio vyote vya kuendeshea chini mezani, ili mfanyakazi wa gazeti anayesafisha picha kutwa nzima asinyooshe mkono juu kila mara. Kwa macho ya fundi, De Vere 504 ndiyo iliyoundwa na watu waliomfikiria anayeitumia.

Upande wa mashariki wa Ulaya, kiwanda cha Přerov nchini Chekoslovakia, kilichoanza mwaka 1933 kwa jina la Optikotechna na kuitwa Meopta mwaka 1946, kilitoa Opemus, Axomat na Magnifax kwa bei ambayo mwalimu wa shule aliimudu. Poland walikuwa na Krokus. Warusi wakatoa enlaja ya UPA iliyokunjwa ndani ya sanduku la safari, na sanduku lenyewe likifunguliwa linageuka kuwa ubao wa kuwekea karatasi. Katika nyumba ambako bafu ndilo chumba cha giza, ubunifu huo ulikuwa na maana yake.

Huku pwani ya Afrika Mashariki, mashine hizi zilikuwa nyuma ya pazia. Mteja aliiona kamera, taa, na ile mandhari iliyochorwa ukutani. Hakuona chumba cha nyuma, ambako nusu ya kazi ilifanyika. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930. N. V. Parekh akawa na studio yake Mombasa kuanzia miaka ya 1940, ambako maharusi, mabaharia na marafiki walijipanga wapigwe picha wakiwa wamependeza. Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa montaji zake, picha zilizounganishwa kutoka negativu zaidi ya moja. Kazi ya namna hiyo inadai enlaja isiyotikisika: karatasi moja inamulikwa mara mbili au tatu, na kila mara kitu kimefunikwa na kingine kimefunuliwa. Nguzo ikilegea hata kidogo, kichwa cha mtu hakikai tena pale alipokikusudia mwenye picha.

Vyumba hivyo vya nyuma havikufungwa kwa sababu enlaja zilikufa. Rangi ndiyo iliyovifunga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Noritsu ya Japani ilileta mashine ndogo ya maabara inayosafisha filamu na kutoa picha ndani ya saa moja, bila fundi wa chumba cha giza. Mashine za aina hiyo zilipoenea mijini, mpiga picha hakuhitaji tena kujua dawa. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walioweka vibanda vyao vyenye mandhari za kupambwa katika miaka ya 1990, walipiga kwa filamu ya rangi na kuzipeleka kwenye maabara za mjini kusafishwa. Studio ikabaki kibanda na pazia. Chumba cha nyuma kikatoweka. Enlaja ya nyeusi na nyeupe ikafunikwa kitambaa, baadaye ikawekwa stoo, baadaye ikauzwa pamoja na makabati.

Kamera za dijitali zilimalizia. Ilford ya Uingereza iliingia kwenye ufilisi mwaka 2004 na ikaokolewa na wakuu wake wenyewe waliounda Harman Technology. Mwaka 2005 Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe, na mwaka huohuo AgfaPhoto ikafilisika. Januari 2006 Nikon ilitangaza kuachana na karibu kamera zake zote za filamu pamoja na lenzi za enlaja. Durst walikuwa wameshageuza njia mapema: mwaka 1994 walitoa Lambda, printa ya leza ya karatasi za picha, na leo wanajulikana kwa mashine kubwa za kuchapa kwa wino. Meopta wanatengeneza darubini na vilenga shabaha vya bunduki. Katika muda mfupi, mashine zilizokuwa na viwanda nyuma yake zikawa yatima.

Ajabu ni kwamba bei ziliporomoka kabla ya mashine kuharibika. Vyuo na magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yakitoa enlaja bure kwa atakayekuja na gari la kuibeba. Nyingi zilikwenda kwenye chuma chakavu zikiwa nzima kabisa. Hapo ndipo ilipoanza biashara ya pili, ya kukata mashine vipande: huyu anauza kondensa, yule anauza injini ya kupandishia kichwa, mwingine ana droo imejaa mbao za lenzi. Na waliobaki wakipenda kazi hii wakagundua kwamba anayetaka kuifufua mashine moja mara nyingi hununua mbili.

Kinachoharibika kwenye enlaja si kingi. Haina injini, ukiacha chache. Haina saketi za kisasa. Chuma chake cha miaka ya 1950 ni kinene kuliko cha vitu vingi vya leo. Ukiondoa kutu na vumbi, orodha ni fupi: balbu, kifremu cha negativu, mvukuto, springi, waya, na vioo. Kila kimoja kina tabia yake.

Balbu ndiyo inayoanza kusumbua. Enlaja nyingi za zamani zenye kondensa hutumia balbu nyeupe kama maziwa, ya wati 75 au 150, iliyopakwa ndani ili mwanga utoke sawia pande zote. Mtu asiyejua huchukua glopu ya kawaida ya dukani, akaifunga, kisha akaona kivuli cha maandishi ya kampuni katikati ya picha ya shangazi yake: balbu ya nyumbani imeandikwa kileleni, na lenzi haijui tofauti ya maandishi na negativu. Balbu za Marekani zenye namba kama PH211 na PH212 na zile za Philips za jina Photocrescenta ziliundwa kwa kazi hii tu. Ulaya ilipoanza kuziondoa balbu za uzi sokoni kati ya mwaka 2009 na 2012, soko lililobaki kwa balbu za picha likasinyaa zaidi.

Jibu la mafundi limekuwa taa za LED. Linafaa, ila lina mtego. Karatasi ya kisasa ya nyeusi na nyeupe ni ya ugumu unaobadilika, uvumbuzi ambao Ilford waliuingiza sokoni mwaka 1940 kwa jina la Multigrade. Sehemu yake moja inasikia rangi ya buluu na nyingine inasikia kijani, na mpiga picha huchagua ugumu kwa vichujio. Taa nyeupe ya LED ina buluu kali ya namna yake, na kijani chake si kile cha balbu ya uzi. Vichujio vinafanya kazi, lakini namba zake hazisomeki tena kama zamani. Mwenye busara hupoteza karatasi chache kwa majaribio kabla ya kuisafisha picha ya maana.

Kwenye vichwa vya rangi vya miaka ya 1970 na kuendelea mambo ni mepesi zaidi, maana vingi hutumia halojeni ya volti 12 na wati 100 yenye kiakisi chake nyuma. Balbu hiyo iliingia pia kwenye projekta na kwenye taa za vifaa vya hospitali, na kwa sababu hiyo bado inapatikana. Ni ushahidi mwingine kwamba kilichotumiwa na wengi ndicho kinachodumu.

Watu wa Afrika Mashariki wana tatizo lao la ziada. Mashine ya Omega au Beseler iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani imezaliwa kwenye umeme wa volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 au 240 za huku bila transfoma, balbu inawaka kwa mwanga wa kushangaza na kufa hapohapo, na saa yake ya kuhesabu sekunde inaweza kuifuata. Ikiwa soketi ni ya skrubu na balbu iliyopo dukani ni ya pini, hilo ni dogo, fundi umeme yeyote analimaliza. Kubwa ni waya. Mashine za kabla ya miaka ya 1960 zina nyaya zilizovikwa mpira na kitambaa ambavyo sasa vinabomoka vikiguswa, na nyingi hazina waya wa ardhi. Nguzo ya chuma, mikono yenye maji ya dawa, na giza: hakuna fundi wa heshima anayeiwasha enlaja kuukuu kabla ya kuivua nyaya zote na kuiwekea mpya, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa kwenye chuma chenyewe.

Mvukuto ni mfuko wa mikunjo kama wa kinanda cha mkono, unaounganisha kichwa na lenzi. Ukikaa miaka mingi ukiwa umekunjwa unapasuka kwenye kona, na vitundu hivyo havionekani mchana. Kuvitafuta ni rahisi: taa zote zinazimwa, tochi inaingizwa ndani, na kila kitundu kinajitangaza. Vichache huzibwa kwa rangi nyeusi ya mpira. Vikizidi, mvukuto mpya unakunjwa kwa kitambaa kisichopitisha mwanga kwa kufuata mikunjo ya ule wa zamani.

Springi ndizo zinazojeruhi. Kichwa cha enlaja ya inchi nne kwa tano ni kizito, na kinapanda kwa kidole kimoja kwa sababu springi ya chuma kilichosokotwa inakibeba. Anayekifungua kichwa na kukitoa akiwa hajaifunga springi kwanza anaona kibebeo kikiruka juu ya nguzo kwa nguvu yote iliyokuwa imewekwa akiba. Mafundi wenye uzoefu hukipandisha hadi juu kabisa, ambako springi imelegea, wakakifunga kwa kamba au klampu, ndipo wakashika bisibisi.

Kwenye vioo, kosa la kawaida hufanyika wakati wa kusafisha. Kondensa nyingi ni lenzi mbili, kila moja ikiwa bapa upande mmoja na imebinuka upande wa pili, na mibinuko hiyo hutazamana. Mtu mwenye nia njema huzitoa, akazipangusa, akazirudisha kinyume. Picha zinaanza kutoka na giza kwenye kona, lawama zinakwenda kwa lenzi. Pwani kuna ukungu pia: kuvu huota kwenye lenzi zilizofungiwa kabatini bila hewa, na ukiachwa miaka unaila rangi ya kinga ya kioo, na hapo hakuna dawa ya kuirudisha.

Baada ya yote hayo mashine inapimwa unyoofu wake. Negativu, lenzi na ubao wa chini lazima vilale sambamba. Ziko zana za leza za kufanyia hivyo, lakini njia ya zamani haijashindwa: kipande cha filamu kilichoungua kikawa cheusi tii kinachorwa mistari ya kukatizana kwa ncha ya sindano, kinawekwa kwenye kifremu, kinamulikwa. Mistari iliyo kali katikati na hafifu kwenye kona moja inasema kichwa kimeinama upande huo. Bati jembamba linapachikwa chini ya nguzo, skrubu zinakazwa, linaangaliwa tena. Kazi hiyo haina haraka, na anayeifanya kwa haraka huirudia.

Kifremu cha negativu ndicho mwisho wa ubishi. Bila hicho filamu haikai bapa, na bila filamu bapa hakuna picha. Zamani aliyekikosa alikata chake kwa kadibodi nene nyeusi, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo kwa mafanikio ya kuridhisha. Anayetaka cha kudumu humpelekea fundi wa kukereza chuma kipande cha alumini na mchoro. Miaka ya karibuni printa za 3D zimegeuza mambo: mtu mmoja mwenye subira hupima kifremu halisi cha Durst au Meopta, hukichora kwenye kompyuta, na yeyote mwenye plastiki nyeusi anaweza kukichapa. Ni kwa njia hiyo siri za Brixen na Přerov zinakuwa mali ya wote, miaka mingi baada ya viwanda kuacha kuzihitaji. Plastiki ina udhaifu wake, kwa maana inalegea kwenye joto, lakini taa za LED hazina joto la kuilegeza.

Kubuni kwa kutumia kilichopo hakukuanza na plastiki. Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa mandhari za Marekani, alikuza negativu zake za inchi nane kwa kumi kwa enlaja iliyolala badala ya kusimama, ikimulika ukutani. Ndani yake kulikuwa na balbu 36, kila moja na swichi yake, ili aweze kupunguza mwanga pale negativu ilipozidi wepesi. Hakuna duka lililouza kitu hicho. Mwaka 2019, Intrepid, kampuni ndogo ya Brighton, Uingereza, ilirudia wazo linalofanana nalo kwa udogo: kichwa cha LED kinachofungwa nyuma ya kamera kubwa ya mbao na kuigeuza kuwa enlaja. Karatasi za kumulika bado zinatoka Harman kule Mobberley, Uingereza, na kwa Foma ya Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki, kiwanda kilichoanza mwaka 1921.

Kwa wenye studio za zamani za Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kwingineko, au watoto na wajukuu waliorithi stoo zao, kuna ombi moja la vitendo. Enlaja ikitolewa nje kuuzwa au kugawiwa, itoke na droo yake. Vile vipande vidogo vya bati vyenye matundu ya mstatili, pete zenye meno, vioo vilivyofungwa kwenye karatasi ya gazeti, hata vile visivyojulikana ni vya nini, vitiwe kwenye mfuko mmoja na kufungwa kwenye nguzo kwa waya. Nguzo na kichwa vinapatikana popote duniani. Mfuko huo haupatikani. Na lenzi iliyomo kwenye mashine isichomolewe ikauzwe peke yake, hasa ikiwa mashine hiyo ni Focomat.